Kidole tumbo: mkato au matundu?

Mpwa wangu wa Likoni alitolewa kidole tumbo kwa mkato wa kawaida, chini upande wa kulia. Siku ya sita bendeji ikalowa maji ya manjano na mshono ukaachia kwenye ncha. Wiki mbili nzima alivuka feri kila asubuhi kwenda kusafishwa kidonda, kiganja kimeziba ubavu asije akapigwa kiwiko. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hadi leo husema, "Lau tungelipia ile ya kamera."

Dada yangu ana hoja. Upasuaji wa matundu, yaani wa kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo, ambao kwa kidole tumbo daktari Kurt Semm wa Ujerumani aliufanya kwanza mwaka 1980, kwa kawaida huacha matundu matatu tu, na hayo hutunga usaha mara chache kuliko mkato. Mgonjwa huinuka mapema. Kwa mwanamke, ambaye maumivu yale yale huweza kutoka kwenye kifuko cha mayai, kamera humulika nyonga yote. Hapo sibishi.

Ila matundu nayo yana gharama zake, mbali na pesa. Kwa kawaida huhitaji nusukaputi, wakati mkato huweza kufanywa kwa sindano ya mgongo. Tumbo hujazwa gesi, ndiyo sababu wengine huamka bega likiwauma. Na tafiti zilipojumlishwa, jipu la ndani ya tumbo lilionekana zaidi kidogo kwa waliofanyiwa kwa kamera. Kidonda cha nje mama alikiona na kukinusa. Jipu la ndani huanza na homa inayorudi mgonjwa akiwa kwao, pengine na kuharisha, na watu hudhani ni malaria.

Halafu kuna siku tatu ambazo dada hazitaji, nami nilikuwepo. Jumatatu maumivu yalikuwa kitovuni. Usiku yakahamia kulia. Tukasema ni chango. Tukamkanda, tukampa dawa ya kuendesha, vitu viwili visivyofaa kabisa kwa tumbo la namna hiyo. Alhamisi anaingia chumba cha upasuaji, kidole tumbo kimeshapasuka. Usaha ulikuwa umeshamwagika kabla ya kisu. Matundu yangemwokoa ngozi, lakini hatari ya jipu la ndani ingebaki pale pale.

Kwa hiyo angelikuwa ni mwanangu leo, kimewahiwa na pesa ipo, ningechagua kamera, kwa daktari anayeifanya kila wiki. Kama aliyepo zamu usiku huo mkono wake umezoea mkato, ningetia saini mkato, wala nisingemhamisha kwa gari kutafuta kamera.