"Mtaitwa" Si Jibu

Jumatatu ya wiki jana niliposhuka Nairobi kwenye basi la usiku kutoka Kisumu, mgongo umekufa ganzi na bahasha ya kaki iko kwapani, nilikuwa nimeapa kwamba safari hii sitaondoka kwenye dirisha la afisi ya uhamiaji bila kuambiwa jambo moja lenye maana kuhusu faili la uraia la mke wangu. Nilipanga foleni kuanzia saa moja asubuhi. Zamu yangu ilipofika, saa nne na nusu, karani, ambaye kwa haki ya Mungu alikuwa mpole, aliingiza nambari ya faili kwenye kompyuta, akatazama kioo kimya kama mtu anayesoma tanzia, kisha akanirudishia karatasi yangu na kusema, "Bado inashughulikiwa, mzee. Mtaitwa." Nikamuuliza inashughulikiwa na nani. "Mtaitwa." Nikamuuliza kama kuna hati yoyote inayokosekana. "Ingekosekana, mngeitwa." Nilirudi Kisumu na basi la usiku huohuo, zaidi ya kilomita 300, nikiwa na neno moja ambalo ningeweza kulipata kwa simu, kama simu za afisi hiyo zingekuwa zinapokelewa.

Imetimia miezi 21 tangu mke wangu ahojiwe kuhusu ombi lake la uraia. Yeye ni Msamia wa upande wa Uganda, nami ni Msamia wa upande huu. Kati ya kwao na kwetu Funyula pana mto na mpaka ambao Waingereza waliuchora bila kuuliza nani ni shemeji ya nani. Tulioana mwaka 2009. Watoto wetu watatu ni Wakenya kwa kuzaliwa, kwa sababu Katiba inatosheka na mzazi mmoja. Miaka saba ambayo Katiba inamtaka mwenzi wa raia awe amekaa katika ndoa ilitimia 2016, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba kuanzia hapo hadi 2023 aliyechelewesha jambo hili ni mimi mwenyewe, kwa uvivu na kwa dhana kwamba karatasi ni karatasi tu. Alipofariki baba, mirathi ya shamba ikaletwa mezani na mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyu mama, mkifa ninyi, atasimama wapi?", ndipo usingizi uliponitoka.

Siku ya mahojiano tulitenganishwa, mimi nikaingizwa chumba hiki na yeye chumba kile, tukaulizwa maswali yaleyale ili majibu yalinganishwe. Mke wangu aliulizwa rangi za bendera na maana zake, idadi ya kaunti na beti za wimbo wa taifa, akajibu yote kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha aliyemuuliza, na ninasema hivyo bila nia ya kumdharau mtu. Mimi niliulizwa mke wangu hunywa chai ya namna gani. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni ya maziwa mengi, sukari vijiko viwili. Kumbe yeye, chumba cha pili, alikuwa amesema anapenda chai ya rangi, na kwamba ile ya maziwa huinywa kwa sababu mimi ndiye ninayeipika asubuhi na hataki kunivunja moyo. Nilikijua kionjo cha mke wangu baada ya miaka 15 ya ndoa, mbele ya afisa wa serikali. Afisa mwenyewe alicheka, akaandika kitu, akatwambia kwamba ndoa inayofichana mambo madogo kama hayo lazima iwe ya kweli. Tukapigwa alama za vidole, nakala zikalinganishwa na hati halisi, cheti cha ndoa kikageuzwa pande zote mbili, barua ya chifu ikasomwa. Tulipoagana tuliambiwa hakuna kilichobaki upande wetu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kusubiri kabla ya mahojiano ninakuelewa. Hapo mtu yumo foleni, mbele yake wapo wengine waliotangulia, maafisa ni wachache, na anayelalamika analalamika kama mtu aliye hospitalini akiona wagonjwa wenzake wamejaa kwenye mabenchi. Lakini mahojiano yakishakwisha, mwombaji amemaliza kazi yake yote. Ametoa vidole vyake, ndoa yake, picha za harusi yake, hata siri ya chai yake. Kilichobaki ni mtu mmoja, au kamati moja, kusema ndiyo au hapana. Na siku zinapopita bila neno, si kweli kwamba hakuna uamuzi uliofanywa. Uamuzi umefanywa, kwamba mke wangu aendelee kuwa mgeni, isipokuwa hakuna aliyeutia sahihi wala tarehe.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwaambia jamaa zangu, nao huniona kama nimeanza kurukwa na akili, kwamba ningefurahia kukataliwa. "Hapana" iliyoandikwa ina jina la aliyekataa na sababu zake, kwa kuwa Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na utawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia iliyo halali, na kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo haki zake zimeguswa. Ukiwa na sababu mkononi unaweza kuzijibu: kama wanasema cheti kina dosari, utaleta kingine, kama wanasema jirani amesema uongo, utaleta jirani mwingine, kama wamekosea sheria, utakwenda kwa jaji. "Mtaitwa" utaijibu kwa nini? Huwezi kukata rufaa dhidi ya kesho. Kaka yangu alinituliza kwa kuniambia subira huvuta heri, nami nikamuuliza heri hiyo inavutwa na punda gani hadi ishindwe kufika kwa miezi 21.

Tena tusisahau hili ni ombi la aina gani. Kifungu cha 15 kinatenganisha waombaji wawili kwa maneno ambayo waliotunga Katiba ya 2010 hawakuyaokota barabarani. Mgeni aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo "anaweza kuomba"; huyo anaomba, na serikali ina nafasi ya kupima. Lakini aliyeolewa au kuoa raia kwa miaka saba "ana haki" ya kusajiliwa anapowasilisha ombi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaongeza masharti, kwa mfano kwamba ndoa iwe hai na isiwe ilifungwa kwa ajili ya kutafuta uraia, na masharti hayo ndiyo yaliyotupeleka kwenye mambo ya chai. Wakishajiridhisha, mlango haufunguliwi kwa hisani ya mtu. Chini ya katiba ya zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya angeweza kusajiliwa lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na nafasi hiyo. Tulipigia kura kuondoa dhuluma hiyo. Hatukupigia kura droo ya kulaza mafaili.

Nitakubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande: ni lazima watu wapigwe msasa. Vyeti vya ndoa hughushiwa, na wapo watu ambao ndoa yao huanzia na kuishia kwenye meza ya wakili. Sitaki nchi inayogawa uraia kama karanga. Lakini msasa wenyewe hauwezi kuwa hauna mwisho. Hata seremala hufika mahali akaweka chini kipande chake cha msasa na kuitazama mbao. Kama miezi 21 haijatosha kumchunguza mwanamke ambaye amekaa katika mtaa uleule, anajulikana na chifu yuleyule na kusali katika kanisa lilelile kwa miaka yote hiyo, basi tatizo haliko kwa mwanamke huyo.

Wakati huohuo maisha hayajasimama yakingoja faili. Mke wangu anaishi humu kwa pasi ambayo inamwita mtegemezi, neno linalonichekesha kila tunapolipia, kwa sababu mahindi na mihogo tunayokula inatoka katika shamba ambalo yeye ndiye hulipanda na kulipalilia kila msimu huku mimi nikiwa mjini naandika mambo kama haya. Shamba hilo lenyewe haliwezi kuwa lake kikamilifu. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99, na hata ukimwandikia zaidi ya hapo, sheria itayapunguza maandishi yako hadi miaka hiyohiyo. Kwa hiyo swali la mzee wa ukoo lina jibu, na si jibu ambalo ningependa kumpa mwanamke aliyemuuguza baba yangu hadi siku ya mwisho. Kura nayo ni hivyohivyo. Makarani wa kuandikisha wapiga kura walipopiga kambi karibu na Kondele, hapa Kisumu, wakijiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2027, mmoja alimwita, "Mama, leta kitambulisho tukuandikishe, ni dakika mbili tu." Akamjibu, "Asante mwanangu, mimi bado ninaitwa." Kijana hakuelewa. Mimi nilielewa, na sikulala vizuri.

Kinachonikera zaidi nikikaa hapa Kisumu na kuutazama ufuo ni kwamba mji huu wenyewe ulikuwa Uganda. Reli iliyoitwa ya Uganda ilifika hapa Desemba 1901, na haikuitwa hivyo kwa makosa, kwa kuwa eneo hili lote lilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda hadi 1902, mpaka uliposogezwa kuelekea magharibi. Maelfu ya watu, ng'ombe wao na samaki wao walibadilishiwa nchi kwa amri iliyoandikwa mara moja, bila hata mmoja wao kuulizwa rangi za bendera. Mke wangu, mmoja tu, miezi 21.

Binamu yangu anayeishi Minneapolis alinifungua macho kuhusu jambo lingine. Marekani haisifiki kwa upole wake kwa wahamiaji, na mimi siitaji hapa kama paradiso. Hata huko watu hukaa baada ya mahojiano wakiambiwa uchunguzi unaendelea. Lakini sheria yao ya uhamiaji ina namba. Siku 120 zikipita tangu siku ya mahojiano bila uamuzi, mwombaji anaweza kwenda katika mahakama ya wilaya ya shirikisho, na jaji ama anaamua ombi hilo mwenyewe au analirudisha afisini pamoja na maagizo. Namba hiyo haimhakikishii mtu uraia, ila inamwondolea mwombaji kazi ya kubishana kama amechelewa kuchoka au amewahi.

Kwetu, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa sababu ya ucheleweshaji usio na sababu za msingi, na hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba kabla jaji hajakusaidia, itabidi wakili wako amthibitishie kwamba miezi 21 ni mingi mno, na wakili wa upande wa pili atasimama, akiwa amelipwa kwa kodi yangu, aseme si mingi kivile. Sheria hiyohiyo imeipa mahakama siku 90 za kusikiza na kuamua kesi kama hiyo. Jaji, mwenye majalada hadi darini, amewekewa siku. Mwenye droo hakuwekewa. Ninachowaomba wabunge wetu wa magharibi na Nyanza, ambao nusu yao wana mashemeji ng'ambo ya Busia na Malaba na wanajua ninachosema, ni sentensi moja katika Sheria ya Uraia: kwamba uamuzi utolewe ndani ya siku kadhaa tangu mahojiano, na zikipita, mwombaji aelezwe kwa maandishi sababu na tarehe mpya. Waandike 120 kama Wamarekani, waandike 180 wakiona aibu kuiga, lakini waandike. Wamakonde, jamii iliyoishi Kenya kwa vizazi bila uraia, walilazimika kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Mke wangu ana magoti mabaya.

Nami sikurudi Kisumu mikono mitupu kabisa. Kabla ya kupanda basi nilikaa kwenye kibanda cha chai nikaandika barua kwa mkono, nikitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka afisi ya umma ijibu ombi la taarifa ndani ya siku 21. Nimeuliza mambo matatu: faili liko kwa nani, limekaa hapo tangu lini, na linasubiri nini. Nilitaka mke wangu ndiye atie sahihi akija mjini, kwa kuwa faili ni lake, lakini sheria hiyo imempa raia haki ya kuomba taarifa, naye si raia, kwa sababu faili lake halijaamuliwa. Nikatia sahihi mimi, nikaipeleka dirishani.

Karani yule mpole aliigonga muhuri nakala yangu, akaniuliza aandike nambari gani ya simu. Nikamwambia aandike ileile iliyo kwenye faili, ambayo tangu siku ya mahojiano tunailaza imejaa chaji karibu na mto wa kulalia, na ambayo hakuna mtu wa afisi yake amewahi kuipiga.