Hatua Yoyote

Haya jamani, picha yangu mmeshaiona. Shemeji kaitupa kwenye magrupu mawili, na mmoja wenu (unajijua) kaigeuza stika. Basi ngoja nisimulie mwenyewe, maana hadithi ya shemeji, eti kanifunga kwenye sataranji nikalia, imezidi chumvi. Sikulia. Nilikuwa na mafua.

Mnajua mimi na shemeji tunacheza ile sataranji ya mtandaoni ya taratibu, siku 3 kwa kila hatua, kwa kuwa yeye ni nesi wa zamu na mimi nina duka. Mnajua pia nilivyokuwa nikilalamika. Ukitaka kuweka hatua za masharti, lazima uitaje hatua yenyewe: akisogeza askari huyu, nijibie kwa farasi yule. Akicheza kingine, sharti limekufa, mpaka uamke ucheze mwenyewe. Mimi nikaona huo ni uvivu wa waliotengeneza. Kuna hatua nazicheza hata dunia ipinduke! Kwa nini nisiandike tu, "akicheza chochote, mimi nacheza hii"?

Nikawaandikia wenye tovuti. Kurasa 3. Humo nikagusia na ubao wa uchambuzi, kwamba njia nilizozijaribu jana zihifadhiwe nisianze upya leo, na hilo bado nalisimamia, msinicheke. Lakini uhondo wenyewe ulikuwa hiyo "yoyote". Nikamtumia na shemeji asome.

Akajibu: "Wazo zuri, shem. Si tulijaribu kwa mkono, hapa hapa WhatsApp?"

Upole ule ulitosha kunishtua. Sikushtuka.

Yeye akachukua vipande vyeupe. Akaanza na askari wa malkia, d4 (kila mraba wa ubao una jina lake la herufi na namba). Mimi askari hatua moja, g6, nimfungulie askofu, ambaye huenda kimshazari, njia ya g7, ambako huwa namweka kila siku ya Mungu. Nikaandika kwa herufi kubwa: HATUA YOYOTE UTAKAYOCHEZA, ASKOFU WANGU ANAKWENDA G7. Nikaongezea, "Sirudi nyuma, shem. Mwanaume neno." Nikachomeka simu kwenye chaji, nikalala usingizi wa mvumbuzi.

Asubuhi nakuta ujumbe mmoja: "Askofu h6."

Wallahi nilitabasamu. Askofu wake kaja peke yake hadi mlangoni kwangu, hana mlinzi, na wangu yuko f8 anamtazama, katikati hakuna kitu. Kuku kaingia jikoni kwa miguu yake! Nikanyoosha kidole nimle.

Kidole kikaganda hewani.

Macho yalikuwa yamepanda juu kidogo, kwenye zile herufi kubwa. Nikazisoma polepole, kama mtu anayesoma mkataba alioshautia saini. ASKOFU WANGU. ANAKWENDA. G7. Yaani simli. Namsogeza wangu hatua moja, namweka mdomoni kwake, aliwe. Na akishakula, pale g7 anaitazama ngome yangu kwenye kona, h8. Ikimbilie wapi? Mbele askari, ubavuni farasi, na wote ni wangu mimi.

Chai ilikuwa mkononi. Ikapoa hapo hapo mkononi.

Nikaandika: "Shem, nilimaanisha yoyote ya kawaida."

"Mwanaume neno," akajibu.

Askofu akaenda, ngome ikafuata, hatua ya nne nikasalimu amri. Baadaye ndiyo naambiwa mtego huu unasimuliwa tangu enzi za sataranji ya kadi za posta, watu walipokuwa wakiandika masharti kama yangu ili kuokoa stempu. Ahsanteni kwa kuniambia baadaye. Wenye tovuti nao wameshapokea zile kurasa 3, na kitufe cha kufuta hakuna. Nimetafuta.

Jumapili nikaenda kwao kula. Dada akauliza kutoka jikoni, "Kaka, nikuwekee paja au kidari?"

Nikamwambia yoyote.

Shemeji akatoka mezani anacheka, akaenda kumalizia uani. Mimi nikaletewa shingo.