Kesi Iliyozikwa Pamoja na Mwenyewe

Zamani kule Uingereza, mtu aliyekuvunja mguu kwa uzembe alikuwa na kila sababu ya kukuombea ufe kabla hukumu haijatoka. Ukipona anakulipa. Ukifa, hana deni.

Wanasheria walikuwa na kauli yao ya Kilatini, actio personalis moritur cum persona: shauri la mtu binafsi hufa pamoja naye. Kupigwa, kujeruhiwa, kukashifiwa, yote hayo uliyadai mwenyewe ukiwa hai. Na kama aliyekuumiza ndiye aliyetangulia kaburini, wanawe walirithi mali yake bila wewe kuigusa.

Kinachonikera zaidi ni mpangilio wa miaka. Mwaka 1330, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, wasimamizi wa mirathi waliruhusiwa kumshtaki aliyechukua mali ya marehemu alipokuwa hai. Kwa hiyo kondoo aliyeibwa alikuwa na wa kumtetea. Mwili wa mwenye kondoo ulingoja hadi 1934. Miaka 604! Sitaki kusikia kwamba huo ulikuwa usahaulifu tu. Waliotunga sheria walijua wanalinda nini.

Wajane nao hawakuwa na pa kushika. Mwaka 1808 bwana mmoja aitwaye Baker alishtaki kwa sababu gari la farasi walilopanda na mkewe lilipinduka, na mkewe akafariki baada ya mwezi hivi. Jaji, Lord Ellenborough, alisema kwamba katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama madhara. Baker akapata pauni 100, lakini upweke wake ulihesabiwa mpaka dakika mke alipokata roho. Baada ya hapo, hakuna senti.

Reli ndiyo iliyoumbua mambo. Mkesha wa Krismasi 1841, treni iligonga udongo ulioporomoka relini huko Sonning, na abiria wakafa. Baraza la uchunguzi wa vifo likaitoza injini na mabehewa pauni 1,000, kwa desturi ya kale ya kukiadhibu kitu kilichoua. Kisheria, pesa hizo hazikuwa za wajane. Mwaka 1846 Bunge lilifuta desturi hiyo na kuwapa wategemezi wa marehemu haki yao wenyewe ya kudai. Magari yalipojaa barabarani, ikaonekana aibu kwamba dereva mzembe akifa kwenye ajali aliyoisababisha, majeruhi hana wa kumdai. Ndipo ikaja sheria ya 1934, iliyoruhusu madai yaendelee hata mmoja wao akifa.

Ila kashfa, yaani kuchafuliwa jina, waliiacha nje. Kenya, iliyopokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, ina kifungu chake cha namna hiyohiyo katika Sura ya 26 ya sheria zake: madai ya marehemu yanaendelea, isipokuwa machache, yakiwamo ya kashfa.

Nakubali kwamba wajukuu wasiruhusiwe kufungua kesi mpya ya kashfa kwa ajili ya babu aliyekwisha kuzikwa. Waandishi wa habari na wanahistoria wangefunga kazi. Lakini aliyefungua kesi akiwa hai, akapanda kizimbani, akahojiwa na wakili wa upande wa pili, kisha akafa akingojea hukumu, huyo kakosa nini? Mdaiwa anayejua mwenzake ni mgonjwa ataomba ahirisho baada ya ahirisho. Ushahidi ukishafungwa, jaji aandike hukumu yake, na fidia, kama ipo, iingie kwenye mirathi.