Kupokea nitapokea mwenyewe, kutuma nimempa mwingine

Ankara ya kwanza niliyoituma kutoka kwenye seva yangu ya barua pepe, mteja wa Arusha aliiona siku ya tatu, tena baada ya mimi kumpigia simu. "Ngoja nichungulie kwenye spamu," akasema. Kimya. Kisha akacheka: "Ipo, kaka. Imebanana na tangazo la dawa za kupunguza kitambi."

Nilikuwa nimeisuka seva hiyo wikiendi nzima. Postfix ya kusafirisha barua, Dovecot ya kuzisoma, cheti cha bure cha Let's Encrypt cha kusimba mawasiliano, rekodi ya MX inayoelekeza domeini yangu kwenye mashine niliyoikodi. Jumapili usiku nikajiandikia kutoka Gmail, barua ikaingia papo hapo. Nikajiona fundi kweli kweli. Kumbe kupokea ndiyo kazi nyepesi: ukishaweka MX na poti ya 25, mlango wa kuingizia barua, ikawa wazi, kila mtu atakuletea barua bila kujali wewe ni nani. Siku ukitaka kutuma ndipo unaulizwa ukoo.

Maswali yenyewe ni kama ya mpangaji mgeni mtaani. SPF ni orodha unayoibandika kwenye DNS, daftari la majina na anwani za mtandao, kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua. DMARC inampa mpokeaji maelekezo: barua ikishindwa kote kuwili, aiache ipite, aitenge au aikatae. Hayo unayakuta kwenye kila mwongozo. Mimi niliangushwa na vitu vidogo zaidi. Ufunguo wa DKIM, ule wa kuhakiki muhuri, ukiwa wa biti 2048 unazidi herufi 255, na hizo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT, yaani ya maandishi, kwenye DNS, kwa hiyo lazima ukatwe vipande. Paneli yangu ya DNS iliunyofoa mkia bila kuniambia, muhuri ukawa unakataliwa kila mahali. Halafu PTR, rekodi inayotoka kwenye anwani ya IP, namba ya seva mtandaoni, kurudi kwenye jina. Jioni mbili niliitafuta kule nilikonunua domeini, wakati anayeiweka ni aliyekukodisha seva.

Nikarekebisha yote. Barua bado zikaishia spamu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anwani ya IP ni kama chumba cha kupanga. Unahamia na godoro lako, asubuhi mtu anagonga mlango akimdai aliyekaa kabla yako. Yule wa kabla yangu alishamwaga takataka duniani, na orodha nyeusi kama za Spamhaus huangalia anwani iliyotuma. Habari kwamba mpangaji amebadilika haziwafikii wenye orodha hadi uwaombe wakuondoe. Hata ukisafishwa, wewe ni mgeni asiye na historia. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM pamoja na PTR sahihi, na anayewatumia watu wa Gmail barua zaidi ya 5,000 kwa siku awe na SPF, DKIM na DMARC zote. Siwalaumu sana. SMTP, kanuni ya kusafirisha barua pepe, iliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa kijiji cha watu wanaojuana, na haikumdai mtu kitambulisho. Matapeli ndio walioleta kufuli hizi zote, lakini anayehangaika na funguo ni mwenye seva moja na barua kumi kwa siku.

Kwa hiyo nimegawa kazi. Sanduku la barua liko kwangu: kumbukumbu za miaka, mikataba, barua za wateja, zote kwenye diski ninayoifanyia bakapu mwenyewe. Zinazotoka nazipitisha kwa kampuni ya kusafirisha barua yenye anwani zilizojijengea jina. Kwenye Postfix ni mstari wa relayhost, unaotaja seva ya kupitishia, na nywila, kisha unaiongeza kampuni hiyo kwenye SPF na kuweka ufunguo wake wa DKIM. Rafiki yangu mmoja anasema nimesalimu amri, eti uhuru nusu si uhuru. Yeye barua zake za kazi anazituma kwa WhatsApp.

Na domeini ni yangu. Msafirishaji akizingua nabadilisha mistari michache, anwani yangu inabaki ile ile kwenye kadi na kwenye mihuri ya ofisi.

Ankara ya mwezi huu ilimfikia yule wa Arusha dakika ile ile, akajibu "nimeipata". Pesa bado.