Leza ya kijani shuleni: swali la mzazi wa Rungwe lijibiwe kabla ya kununua

Shule moja ya sekondari wilayani Rungwe ina klabu ya sayansi yenye ari, na walimu wake wanataka kununua tochi ya leza ya kijani kwa ajili ya kuwaonyesha wanafunzi nyota. Wanaitaka ile yenye nguvu, ndefu kama kiganja, yenye kifunguo kitakoni, inayouzwa mitandaoni na kwenye meza za vifaa vya simu Mwanjelwa. Kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi alisimama akasema haafiki. Alipoombwa sababu, akauliza: "Mwalimu, hiyo nguvu yake nani ameipima?" Hakujibiwa. Tangu hapo maneno yamehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na walimu hapa Mbeya, na wengi wanamsema kana kwamba amekataa sayansi yenyewe.

Walimu wana hoja, tena nzuri. Aliyewahi kufundisha nyota kwa kidole anajua adha yake. Unasema "ile pale, juu ya mgomba, kushoto kidogo," na kati ya wanafunzi arobaini kila mmoja anatazama nyota yake. Mwali wa leza ya kijani unamaliza ubishi huo. Hewa inautawanya kiasi cha macho kuuona kama mstari mrefu unaopanda angani hadi kwenye nyota husika. Jioni za Juni na Julai, mawingu yakitoka, anga la nyanda hizi huwa na Msalaba wa Kusini, nyota mbili angavu za Sentauri zinazouelekea, na Ng'e amejikunja na nyota yake nyekundu, Antares. Watoto wa huku wanapelekwa Ndolezi kuona Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 12 kilichoshuka kutoka angani, kisha wanarudi nyumbani bila mtu wa kuwaonyesha anga lenyewe. Mwalimu anayetaka kuziba pengo hilo anastahili kuungwa mkono.

Lakini sababu inayofanya kijani ipendwe ndiyo hiyo hiyo inayoondoa haja ya leza kali. Jicho la binadamu mchana huhisi zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 555, na leza hizi hutoa nanomita 532, jirani kabisa. Kwa nguvu ileile, kijani huonekana ang'avu mara kadhaa kuliko nyekundu, na jicho lililozoea giza hukihisi zaidi tena. Ndiyo maana kwenye giza la kijijini miliwati 5 zinatosha kuchora mstari hadi kwenye nyota, darasa zima likauona. Anayenunua ya miliwati mia kadhaa haongezi somo. Anachoongeza ni hatari, maana kwa viwango vya kimataifa leza inayozidi miliwati 5 inaingia daraja la hatari la 3B, na ikizidi 500 ni daraja la 4, ambalo hata mwanga wake uliorudi kutoka ukutani unaweza kudhuru jicho.

"Basi tununue ya miliwati 5," wanasema. Sawa. Nani ameipima?

Mwaka 2013 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima leza 122 za mkononi zilizonunuliwa sokoni. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikukidhi kanuni za usalama za nchi hiyo. Zile nyekundu zilizoshindwa zilikuwa kama asilimia 44. Naomba msomaji aikalie hiyo takwimu ya kijani. Wapimaji hawakuokota vifaa jalalani. Ni bidhaa zilizouzwa waziwazi, katika nchi yenye sheria inayosema leza za kuelekezea zisizidi miliwati 5, na yenye mamlaka ya kufuatilia. Tisa kati ya kumi zikaanguka. Sasa chukua tochi iliyopita kwa wauzaji watatu wanne kabla ya kufika Mwanjelwa, yenye kibandiko cha njano kilichochapishwa kiwandani kwa maelfu. Gamba lilelile, kifunguo kilekile: duka hili wanakwambia ni miliwati 5, lile la pili wanajisifu ni 1000. Muuzaji hadanganyi kwa makusudi. Naye amesoma kibandiko tu. Kwa hiyo mwalimu anapomwambia mzazi "imeandikwa chini ya 5", anamnukulia karatasi ambayo kwenye vipimo vya kweli ilishindwa mara tisa kwa kila kumi. Mzazi aliyeuliza kipimo ndiye aliyekuwa anaongea lugha ya maabara pale kikaoni.

Kuna jambo la pili, ambalo hata baadhi ya walimu wa fizikia hawalisemi. Leza nyingi za kijani za bei rahisi hazizalishi kijani moja kwa moja. Ndani kuna diodi, kijipande cha kielektroniki kinachotoa mwanga, ya nanomita 808, usioonekana kwa macho. Huo unasukuma fuwele inayotoa nanomita 1064, nao hauonekani, kisha fuwele ya pili inaugawa urefu wa wimbi nusu kwa nusu, ndipo kijani cha 532 kinapatikana. Mabaki ya mwanga usioonekana yanapaswa kuzuiwa na kichujio kidogo mbele, na kichujio hicho ndicho kiwanda kinachobana matumizi hukiacha. NIST hao hao, mwaka 2010, walieleza tochi iliyoandikwa miliwati 10 ambayo kijani chake kilikuwa hafifu, huku ikimwaga karibu miliwati 20 za infraredi, yaani huo mwanga usioonekana. Anayeishika anaona mwanga dhaifu, anajiamini, anaisogeza. Jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona.

Kwa huku kwetu hilo lina uzito wake. Leza za aina hii hazipendi baridi: diodi ikipoa, wimbi lake linahama, fuwele zinaacha kulipokea vizuri, na kijani kinafifia. Ipeleke Kitulo au Makete usiku wa Julai, joto likiwa karibu na nyuzi sifuri, utaona mwali umekonda. Kwa tochi isiyo na kichujio, kukonda kwa kijani hakumaanishi kwamba ile infraredi nayo imepungua.

Na jicho lenyewe halitoi taarifa. Lenzi yake inakusanya mwali mwembamba na kuubana kwenye nukta moja ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na retina haina neva za maumivu. Mtoto haugulii wala hapigi kelele. Siku chache baadaye anaona doa katikati ya herufi za ubaoni, na anayefikiria kwanza miwani hana kosa. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari ya mvulana wa miaka 9 nchini Ugiriki aliyekuwa akichezea leza ya kijani na kuitazama mara kwa mara. Madaktari walikuta tundu kubwa kwenye retina ya jicho la kushoto. Mwaka mmoja na nusu baadaye uwezo wa jicho hilo ulikuwa palepale, haujarudi.

Hatari za nje ya jicho nitazipitia haraka kwa kuwa zinafahamika. Mwali ukigonga kioo cha lori linaloshuka Mlima Nyoka usiku, kioo chote kinageuka kijani mbele ya dereva. Marubani wa Marekani waliripoti kupigwa leza mara 13,304 mwaka 2023, nasi tuna uwanja wa ndege wa Songwe. Viwanjani kila mpenda soka anakumbuka Machi 2022, Salah akienda kupiga penalti Senegal uso wake umejaa kijani. FIFA ililitoza shirikisho la Senegal faranga za Uswisi 175,000 kwa makosa kadhaa ya mechi hiyo, leza ikiwemo.

Wanaomtetea mwalimu wanasema tukiogopa hivi tutafunga maabara zote, maana na asidi nayo inaunguza. Ulinganisho huo nauchukulia kwa uzito. Ila chupa ya asidi ya maabara inaonyesha ukali wake, na mwalimu anaweza kuuhakiki kabla mtoto hajaigusa. Tochi hii shule haina cha kuihakikia. Australia haikufunga maabara zake. Ilizuia kuingiza leza za mkononi zinazozidi miliwati 1 bila kibali, na anayezihitaji kwa kazi ya kweli anaomba kibali.

Mimi nasema inunuliwe, baada ya kupimwa. Kipima nguvu ya leza ni kifaa kidogo cha mezani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kipo hapahapa Mbeya. Kikitenga siku moja kwa muhula kupima tochi za shule, kijani na infraredi kila moja peke yake, mwalimu atarudi kikaoni na namba yenye mhuri. Ikizidi 5, irudishwe dukani. Ile miwani myekundu ya plastiki inayokuja bure ndani ya boksi isihesabiwe kuwa kinga: miwani ya kweli imeandikwa mawimbi inayoyazuia, na kwa tochi hii lazima 808 na 1064 ziwemo pamoja na 532. Mwalimu aishike mwenyewe, aielekeze juu tu, aizime akisikia ndege, na betri ilale kwenye droo nyingine ya ofisi.

Hadi kipimo kipatikane, somo la Juni lisisubiri. Tochi ya kawaida yenye mwali mwembamba, usiku wenye unyevu kidogo kama ule wa Tukuyu, inachora njia angani ya kutosha kuwafikisha wanafunzi kwenye Msalaba wa Kusini.