Acheni kupima choki kwa sarafu

Kuna kanuni ya Wamarekani ya kujua choki, yaani mbano wa mdomo wa bunduki ya marisau (ile inayorusha gololi ndogo nyingi kwa pigo moja), ambayo imeenea mpaka kwetu, na mimi imenichosha. Inasema hivi: chukua sarafu ya dime, yaani senti kumi ya Marekani, iweke kwenye mdomo wa mtutu wa kaliba 12. Ikitumbukia ndani, mtutu uko wazi. Ikikwama mdomoni, hiyo ni choki kamili. Wengi wanaoitumia huku hata hiyo dime hawana. Wanatoa sarafu yoyote iliyo mfukoni, wanaijaribu, kisha wanatangaza bei ya bunduki.

Tatizo ni kwamba choki si ukubwa wa mdomo. Choki ni tofauti ya upana kati ya mdomo na tumbo la mtutu (sehemu ya ndani nyuma ya mdomo), yaani kiasi ambacho marisau hubanwa kabla ya kutoka. Kwa kaliba 12, kubana kwa karibu milimita 1 huitwa choki kamili, 0.75 ni robo tatu, 0.5 ni nusu, 0.25 ni robo, na pasipobana kabisa ni silinda. Viwanda havikukubaliana hadi kwenye nukta, lakini ukishika hivyo hupotei.

Sasa tazama dime inavyodanganya. Upana wake ni milimita 17.9. Kaliba 12 kwenye vitabu ni milimita 18.5, kipimo kilichotokana na gololi ya risasi ambayo kumi na mbili zake hufika ratili moja. Lakini Waingereza wa zamani hawakuchimba mitutu yote kwa 18.5. Bunduki zilizopimwa kwenye ofisi za majaribio kati ya 1887 na 1925 utazikuta zimegongwa 12, au 13/1, au 12/1, na zote ni kaliba 12 halali zinazokula katriji ileile. Ile ya 13/1 tumbo lake ni kama 18.26, na ya 12/1 ni kama 18.80. Chukua mitutu hiyo miwili, zote midomo yake iwe 17.9 sawasawa. Wa kwanza unabana 0.36, hata nusu haujafika. Wa pili unabana 0.9, karibu choki kamili. Sarafu itatoa jibu moja kwa yote miwili.

Watu wakishaachana na sarafu hukimbilia mihuri, zile alama zilizogongwa kwenye mitutu. Hapo angalau kuna maarifa, na mimi mwenyewe naipenda kazi hiyo: kuvua mitutu, kuifuta mafuta, kuigeuza chini na kuisoma kwa kioo cha kukuzia. Bunduki nyingi za marisau za zamani nilizopata kuziona Kenya na Tanzania ni za Kiingereza, na mihuri yake husema mengi. Choki ni jambo la miaka ya 1860 na 1870. Fundi bunduki William Pape wa Newcastle aliisajili hataza yake 1866, Wamarekani nao wanamtaja Fred Kimble wa Illinois, na fundi bunduki W. W. Greener wa Birmingham ndiye aliyeitangaza kwa nguvu kuanzia 1874. Kwa hiyo ukikuta kwenye mtutu maneno NOT FOR BALL, unajua ulipimwa kati ya 1875 na 1887, na kwamba ulikuwa na choki: ofisi ya majaribio ilikuwa ikionya usipitishe gololi nzima. Baada ya 1887 onyo hilo likaachwa, likaja neno CHOKE peke yake.

Muhuri huo unakwambia choki ilikuwepo. Haukwambii ni kiasi gani. Nimeona mtu akisoma CHOKE kwenye mtutu wa kushoto akaandika kwenye tangazo lake kuwa ni choki kamili, na mnunuzi akakubali. Neno lile hugongwa kwenye robo tatu kama linavyogongwa kwenye kamili. Wajerumani nao, kwa sheria yao ya 1891, waligonga W chini ya taji, kwa maana hiyohiyo: upo mbano, kapime mwenyewe. Wabelgiji wa Liège walikuwa wakarimu zaidi. Baadhi ya bunduki zao zina vipimo viwili vya milimita, cha tumbo na cha mdomo, unatoa kimoja kwa kingine basi.

Halafu kuna nyota zilizogongwa mtutuni. Hapa ndipo ubishi wa vijiweni huwa mkali, na kila mmoja ana haki yake. Kwenye Browning zilizotengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha FN, nyota moja ni choki kamili, nyota moja na kistari ni robo tatu, nyota mbili ni nusu, nyota mbili na kistari ni robo, nyota tatu ni silinda. Kwenye bunduki za Kiitaliano na za Kihispania nyota moja ni kamili pia, lakini mbili ni robo tatu, tatu ni nusu, nne ni robo. Kwa hiyo anayesema "nyota mbili ni nusu" amesema kweli kuhusu Browning na uongo kuhusu Beretta ya Kiitaliano. Kabla ya kuhesabu nyota, soma bunduki imetoka nchi gani.

Lakini hata muhuri uliosomwa vizuri unaeleza mtutu ulivyokuwa siku ile ulipotoka kiwandani. Bunduki yenye miaka themanini imepita mikono mingi. Kuna aliyeikata kwa sababu mdomo ulipasuka baada ya kuziba tope. Kuna fundi aliyepanua choki kwa ombi la mwenye nayo, na kuna aliyesugua kutu ndani mpaka tumbo likapanuka, jambo ambalo kwa hesabu linaongeza choki bila mdomo kuguswa.

Kukatwa ndiko kwa kuangalia kwanza, kwa sababu choki yote hukaa kwenye inchi moja au mbili za mwisho. Ukikata hizo umekata choki yote, hata kama mihuri kule chini bado inang'aa. Kwenye bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, tazama midomo kwa mbele. Mitutu hukaribiana kadiri inavyokwenda mbele, na kiwandani midomo huachwa imegusana au karibu kugusana. Ukikuta pengo lililojazwa risasi ya kulehemu au kipande cha chuma, huo mtutu ulikatwa. Pima na urefu wake pia: nyingi za zamani ni inchi 28 au 30. Ila usimhukumu mtu kwa urefu tu, maana Robert Churchill wa London aliuza bunduki za inchi 25 makusudi, na hizo hazijakatwa na mtu.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa ukiwa na kifaa sahihi. Kwanza bunduki iwe tupu, uifungue uone chemba, pale katriji inapokaa, kwa macho yako, halafu uivue mitutu. Vernia ya kawaida, kile kipimo cha meno mawili yanayoteleza, inafaa kwa mdomo tu, tena kwa tahadhari, kwa sababu meno yake ni bapa na hayakai vizuri kwenye duara. Husoma pungufu kidogo. Kwa tumbo unahitaji kile kipimo cha fundi bunduki, chenye miguu mitatu na saa, kinachosukumwa ndani kwa fimbo. Waingereza hupima inchi 9 kutoka nyuma. Fundi mzuri atakupimia na unene wa kuta papo hapo, na kwa mtutu wa zamani namba hiyo ina thamani kuliko choki yenyewe. Mwambie akupimie na chemba, maana nyingi za enzi hizo ni za inchi 2½, na katriji za sasa za milimita 70 si zake.

Na bado vipimo vinaweza kukupiga chenga. Mafundi wa zamani walikuwa na mbinu ya kuchimba kishimo cha mviringo nyuma kidogo ya mdomo uliokatwa, ili marisau yapanuke kisha yabanwe tena. Ukipima mdomo na tumbo unapata sifuri, unaandika silinda, kumbe bunduki inarusha kama nusu.

Ndiyo maana mimi husema karatasi ndiyo iamue. Tafuta uwanja halali wa kulenga, tundika karatasi ya mita 1.2 kwa 1.2, rudi yadi 40, yaani mita 36 na nusu, upige. Kisha ndipo uchore duara la inchi 30 kuzunguka pale marisau yalipojazana zaidi, si kabla. Hesabu matundu ndani ya duara, gawanya kwa marisau yaliyokuwemo kwenye katriji. Choki kamili hutoa kama asilimia 70, nusu 60, robo 55, silinda 40. Karatasi moja haitoshi. Piga tano hivi kwa kila mtutu na utafute wastani.

Idadi ya marisau msiikisie. Namba 6 ya Waingereza ina marisau 270 kwa aunsi, namba 6 ya Marekani ina kama 225. Ukichanganya hizo mbili, nusu yako inaweza kushuka chini ya robo bila bunduki kufanya kosa lolote. Na chagua katriji unayotumia kweli, kwa sababu kikombe cha plastiki kilichomo kwenye katriji za sasa hukusanya marisau kuliko vile vizibo vya manyoya yaliyoshindiliwa ambavyo mtutu ule ulitengenezewa. Nusu ya 1930 ikilishwa katriji ya leo inaweza kukuonyesha namba za robo tatu.

Mnisamehe niseme na hili: sielewi kwa nini wauzaji hulitaja neno "choki kamili" kama sifa. Kwenye mita 18 hivi, ambako kwale wengi hupigwa, marisau ya choki kamili bado yako kwenye duara la sentimita 40 tu. Utamkosa, au utampata akiwa hafai kuliwa. Kwa kanga na kwale wa huku robo inatosha, na mwenye silinda iliyoboreshwa, yaani mbano chini ya robo, anarudi na mboga.

Choki kamili ya zamani ina hatari zake pia. Marisau ya chuma, yanayotumika sana Marekani tangu marisau ya risasi yapigwe marufuku kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, hayabanwi kama ya risasi. Yanaweza kuvimbisha mdomo wa mtutu mkongwe. Ukipewa boksi la katriji za nje, soma limeandikwa nini kabla ya kufungua bunduki. Risasi moja nzima nayo usiipitishe kwenye choki usiyoijua kipimo.

Ukitaka kununua, muombe muuzaji mambo mawili: kipimo cha tumbo na mdomo kwa kila mtutu, na karatasi zilizopigwa kwa katriji inayotajwa kwa jina na namba. Akikuletea sarafu, mpe bei ya silinda.