Rameni ya Kitakata na supu yetu ya asubuhi

Mgeni kutoka nyumbani Tanzania akifika Japani huomba apelekwe kula rameni, yaani tambi ndani ya supu, huko Tokyo, na Tokyo haina ubaya. Lakini anayetaka kujua kwa nini Wajapani hukaa kwenye treni karibu saa tatu kwa ajili ya bakuli moja, aende Kitakata, mji mdogo mkoani Fukushima, tena afike asubuhi.

Pale baadhi ya maduka hufungua saa 1 asubuhi na watu hula rameni kabla ya kazi. Mtanzania aliyezoea supu na chapati hana haja ya kuelezwa. Hata harufu ataitambua, maana supu ya mifupa ya nguruwe huchanganywa na ya niboshi, ambao ni dagaa waliochemshwa kisha wakaanikwa, karibu sawa na wanavyotengenezwa dagaa wa Unguja. Mpishi makini huwatoa vichwa na matumbo kwa kuwa uchungu umo humo. Huwaloweka kwenye maji baridi usiku kucha, gramu 30 hivi kwa lita moja, halafu huwapasha moto polepole na kuwaopoa kabla maji hayajatokota kwa nguvu. Ukiwaacha watokote, supu inanuka shombo. Sisi dagaa tunao, wazuri tu, na bado tukitaka ladha ya supu tunakimbilia kidonge cha dukani.

Tambi za Kitakata ni pana, milimita 4 hivi, zimefinywa zikawa na mawimbi, na unga wake hukandwa kwa maji mengi. Kwa hiyo huchemka dakika tatu au zaidi, na bakulini hazilegei upesi. Za Hakata, mjini Fukuoka, ni nyembamba na zina maji machache. Huiva chini ya dakika moja na kulegea haraka, ndiyo sababu huuzwa kidogo kidogo, ukimaliza unaongeza nyingine kwenye supu ileile.

Rameni nyingine ni ya Tsubame, mkoani Niigata, mji wa viwanda vya vijiko na uma. Wafanyakazi waliokesha kazini waliagiza chakula kiletwe kiwandani, na tambi nyembamba zingefika zimekuwa uji. Wapishi wakatia tambi nene, wakafunika supu kwa mafuta ya mgongo wa nguruwe ili joto lisitoke. Angalia hapo: supu iliyofunikwa na mafuta haifuki mvuke, ukidhani imepoa inakubabua ulimi.

Tunachowaonea wivu hasa ni jinsi mji unavyokitangaza chakula chake. Kitakata ilianza kujulikana miaka ya 1970 kwa maghala yake ya kale. Watalii walikuja kupiga picha, wakahitaji cha mchana, na mji ukawapa rameni. Baadaye wenye maduka wakaungana na kuchapisha ramani. Kwetu, basi la mkoani linasimama kwenye hoteli aliyoichagua dereva, unakula chipsi kwa dakika 15, na supu ambayo mji mzima unaisifia iko mtaa wa pili bila abiria hata mmoja kujua.

Njia ya kwenda Kitakata ni hii: Shinkansen, treni ya kasi, kutoka Tokyo hadi Koriyama, dakika 80 hivi, reli ya Ban'etsu Magharibi hadi Aizu-Wakamatsu, saa moja na ushei, kisha dakika 20 hivi hadi Kitakata. Treni za huko ni chache, na ukiikosa moja unaweza kusubiri zaidi ya saa nzima. Ukitaka kula saa 1, lala Aizu-Wakamatsu. Usinunue pasi ya reli ya siku saba kwa safari hii pekee: ilipanda hadi yeni 50,000 Oktoba 2023, na nauli ya kwenda na kurudi haifiki nusu yake.

Beba noti za yeni 1,000. Mashine nyingi za tiketi za chakula hazipokei noti kubwa, na za zamani hukataa hata noti mpya zilizotoka Julai 2024. Pazia fupi la kitambaa likiwa limetundikwa mlangoni, duka liko wazi. Likiwa limetolewa, usigonge. Supu ikiisha wanafunga, iwe saa 7 au saa 8 mchana, na siku ya mapumziko mara nyingi ni katikati ya wiki. Hapa nyumbani tunawashinda: mama lishe hamwachi mtu aondoke na njaa, supu ikiisha atakukaangia yai.

Kwa Waislamu, miji midogo ni migumu. Rameni halali ipo Tokyo, Osaka na Kyoto. Nje ya hapo usitegemee. Kuondoa vipande vya nyama juu hakusaidii, kwa sababu hata supu ya kuku au samaki huweza kutiwa mafuta ya nguruwe, sosi yake ikawa na mirin, pombe tamu ya mchele, na tambi zote huchemshwa sufuria moja. Hata soba, aina nyingine ya tambi za Kijapani, mchuzi wake kwa kawaida una mirin. Ukiuliza, usitaje butaniku pekee, maana hiyo ni nyama ya nguruwe tu. Utajibiwa kwa uaminifu kwamba haimo. Uliza pia kuhusu raado, mafuta ya nguruwe, na tonkotsu, mifupa yake.